Matanga ya Vimulimuli

Kimulimuli Mwanamvua alikuwa bado kwenye matanga ya mumewe, mwanawe wa pekee akapotea katika matete. Wafiwa wenzake wakamzunguka, wakabanana bawa kwa bawa.

"Tubanane zaidi, wifi," alisema dada wa marehemu. "Taa zetu ziwe moja kubwa, mtoto aione."

Lakini kila taa ilimezwa na mwili wa jirani. Chura akacheka, "Mbona mmefifia kama majivu?"

Mwanamvua akamwomba Mungu, kisha akasema taratibu, "Najua mnanipenda, wifi. Lakini tawanyikeni, kila mmoja na jani lake."

Wakaondoka wamenuna. Punde matete yote yakang'aa, na mtoto akaja akiruka.

"Mama, mlikuwa wapi? Nimewatafuta, nikaona giza tu."

Tangu hapo vimulimuli hufarijiana kwa mbali.