Skrini Tatu za Mume Wangu

Sahani ilivunjika. Fundi aliisikia ndani ya simu kabla hata hajaambiwa hujambo.

“Usishtuke,” sauti ya mwanamke ilisema, nyembamba, ikikatikakatika kwa mtandao mbovu. “Ni mume wangu huyo. Amechoka kusubiri. Anauliza, skrini tatu zitapatikana au hazitapatikana?”

Fundi aliweka bisibisi mezani. “Dada, kompyuta ya michezo yenye nguvu hiyo ni ghali. Skrini moja haimtoshi?”

“Dada!” Mwanamke alicheka. “Haya, leo nimepata kaka. Haimtoshi. Anataka kurusha ndege. Anasema rubani ana dirisha la mbele, la kulia na la kushoto.”

“Na pesa ni yake?”

“Yake aitoe wapi? Nimeuza cherehani.”

Simu ilikuwa kwenye spika. Msumari, muuza makava ya simu aliyekodi nusu ya meza ile, aliacha kutafuna.

Fundi alimeza hasira, akaanza kupunguza gharama. Skrini wachukue zilizotumika, zilizotoka maofisini, mradi zilingane. Prosesa iwe ya wastani. Pesa nyingi iende kwenye kadi ya michoro, maana ndiyo itakayobeba skrini zote tatu. Kasha liwe bati tupu, bila kioo wala mapambo.

“Taa weka, fundi. Mume wangu anapenda taa.”

“Huyo mume kazini huenda saa ngapi?”

“Kazi? Huyu? Ataamka, nimwogeshe, nimlishe, akishashiba anune.”

“Anakupiga?”

“Juzi kikombe kilinipata hapa, kwenye paji la uso.”

“Ukamfanya nini?”

“Nimfanye nini? Nilimbembeleza mpaka akalala.”

Simu ilikatika. Dada yake wa kuzaliwa alizungumza hivyohivyo, kwa kicheko hichohicho, mpaka siku aliporudishwa nyumbani mkono ukining’inia kama tawi lililovunjika. Siku zote hizo yeye, kaka mtu, alikuwa akisikia, na alikuwa amenyamaza.

“Mambo ya chumbani hayo,” Msumari alisema. “Wagombanao ndio wapatanao. Wewe kaza skrubu zako.”

“Nitazikaza,” fundi alijibu. “Tena nitazikaza vizuri.”

Ndani ya kompyuta kuna kifaa ambacho mnunuzi haulizi kamwe: pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote. Fundi alichokoa moja kuukuu kutoka kwenye boksi la vyuma chakavu. Ingewasha mashine. Ingeonyesha picha safi kwenye skrini zote tatu. Lakini mchezo ukishika kasi, kadi ikidai haki yake ya umeme, kila kitu kingezimika ghafla kama mtu aliyechapwa kibao. Juu yake alibandika nembo ya mpya.

Pesa ya cherehani iliyobaki hakuila. Aliitia kwenye bahasha: nauli ya mwanamke yule kurudi kwao, na cherehani nyingine atakapofika.

“Shujaa,” Msumari alimcheka. “Kwao kwenyewe unakujua?”

“Nitamuuliza.”

“Na mwenyewe amekuomba umwokoe?”

Fundi alilamba bahasha, akaifunga. Mwenye pikipiki aliyetumwa na mwanamke alipeleka mashine, skrini zimefungwa kwa blanketi, fundi akabaki akiitazama simu kama mtegaji anayesubiri kamba ifyatuke.

Ikafyatuka.

“Fundi, inazimika. Kila ndege ikianza kupaa, giza. Mume wangu hali chakula tangu jana. Amegeukia ukutani, hasemi.”

“Mwache akae hukohuko ukutani. Kufa kwa njaa kwa mvivu si hasara.”

“Usiseme hivyo,” mwanamke alisema, na safari hii hakucheka. “Mkaripie ukitaka, mtukane ukitaka. Kufa usimtajie.”

Anampenda kiasi hicho! Ndipo damu ya fundi ilipochemka kabisa. “Nielekeze kwako,” alisema. “Nakuja mwenyewe.”

“Wagombanao...” Msumari alianza.

“Mmoja wao huvunjika!” fundi alimkata, akashusha mlango wa duka mchana kweupe.

Njia nzima aliyanoa maneno atakayomwambia mwanamume yule. Mfuko mmoja ulikuwa na bahasha, mwingine ulikuwa na ngumi. Aligonga mlango kama mdai.

Alifungua kikongwe aliyepinda mgongo, kiganja kimoja kimeshikilia ukuta.

“Shikamoo, bibi,” fundi alisema, akichungulia nyuma yake. “Namtafuta mkweo. Yule mwenye mume wa skrini tatu.”

“Marahaba, kaka,” alijibu kikongwe, kwa sauti ileile nyembamba ya kwenye simu. “Ndiye mimi. Pita, mume wangu yuko ndani.”

Kitandani, mbele ya skrini tatu nyeusi, alilala mjukuu wa miaka sita hivi, miguu yote miwili imefungwa plasta ngumu mpaka kiunoni. Aligeuza kichwa taratibu kutoka ukutani, akampima fundi kwa jicho la wivu, akafungua kinywa chenye mapengo.

“Ndiye wewe unayempigia simu mke wangu?”

Fundi alipiga magoti. Maneno yote aliyoyanoa hayakuwa na kazi tena. Aliyoyapata ni mengine.

“Itaruka leo, baba,” alisema. “Naapa mbele ya mkeo. Leo hii itaruka, na haitazimika tena.”