Mlango Uliosikia Kikohozi

Mwanaidi alikuwa ameshika beseni la maandazi, anatoka kwenda sokoni, mara mama mkwe wake akakohoa na mlango ukajifunga. Siku hizi milango ilikuwa na masikio: ikisikia kikohozi, nyumba nzima hukaa ndani wiki mbili.

"Hii ni mara ya tatu mwaka huu, Mama. Na kila mara nimeshika beseni."

"Ni kifua hiki, mwanangu."

"Usiku mbona hakikusumbui?" Mwanaidi alimtazama vizuri. Mgonjwa gani huyu, amejipaka na wanja? "Wateja watanihama. Tutakula nini?"

Mama mkwe akainama, akakunja ncha ya kanga yake.

"Siumwi," akasema hatimaye. "Ukitoka nashinda nikiongea na kuta. Nilitaka ukae nami."