Poda ya Mwezi wa Tatu

Kwa mwezi wa tatu mfululizo sasa, dobi alikuwa akijinyunyizia poda ya fangasi kwenye baka jeupe la mkononi, asubuhi na jioni, bila kukosa.

“Choa hiki king'ang'anizi kama kupe,” alimlalamikia mkewe.

“Na hakiwashi?”

“Hata kidogo. Poda imekomesha muwasho, mama watoto.”

Akaisimamisha pasi ya moto kando yake, akainama kunyoosha kola kwa vidole.

Mkewe akanusa hewa. “Wewe! Unaunguza shati la watu!”

Dobi akaliinua shati. Jeupe pe, halina hata doa. Harufu ikazidi.

“Mkono!” mkewe akapiga yowe.

Ndipo akautazama. Ulikuwa umeiegemea pasi, pale pale penye baka, na poda imegeuka kahawia.

Akauondoa upesi, akakaza meno kuyangoja maumivu.

Hayakuja.