Vikombe vya Kahawa

Mama aliingia na sufuria nzima ya supu ya mbuzi, na Shemsa akafumba macho. Tumbo lake lilikuwa limepasuliwa na kupunguzwa wiki iliyopita ili apungue unene, na sasa halikupokea zaidi ya mafunda machache.

“Mwanangu, hata bakuli moja?”

Angekataaje? Mama huyu hakujua kupenda kwa maneno, alijua kupakua.

Ruzuna, shoga yake aliyepitia kisu hichohicho mwaka jana, alifungua mkoba akatoa vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono.

“Mama, tutilie humu. Mchuzi mtupu. Nami ndivyo nilivyoanza.”

Mama alivitazama kama aliyetukanwa. Kisha akauchuja mchuzi, akamimina taratibu, asimwage hata tone.

Wakanywa kidogo kidogo, wakipumzika.

“Mtamu, mama,” alisema Shemsa, machozi yakimlengalenga.

Mama akaitazama sufuria, bado imejaa. Akaenda kabatini, akarudi na kikombe chake cha kahawa, akajipenyeza katikati yao.

“Haya, nifundisheni.”

Akakishika kwa mikono miwili, akingoja wao watangulie.