Jina la Chumba cha Pili

Katika danguro la Mama Sikitu, jina lilikuwa mali ya chumba. Aliyeingia chumba cha tano aliitwa Stela, wa chumba cha pili Joyi, na majina yenyewe yalichorwa milangoni ili wateja wasipotee.

Asubuhi ile Joyi alikuwa ndani ya jeneza, uani. Fundi rangi alichovya brashi, akauliza aandike nini msalabani.

"Andika Marehemu, basi," Mama Sikitu alisema. "Joyi ni jina la chumba, wateja wamelizoea." Akamgeukia Stela. "Na wewe hamisha vitu vyako. Kuanzia leo Joyi ni wewe."

Hasira zilimpanda Stela. Miaka sita ameitikia jina la mlango, na hata yeye hakujua shoga yake huyu alizaliwa akiitwa nani. Hawakuwahi kuulizana.

"Fundi, andika Joyi!" alifoka. "Jina amelivujia jasho, aende nalo! Mama, hata jina la maiti unataka kulipangisha?"

"Unaongea na nani hivyo, Stela?"

"Stela ndiyo nani?"

Fundi alipomaliza kuandika Joyi, Stela alimpokonya brashi, akaenda chumba cha tano, akapaka rangi juu ya jina Stela mlangoni mpaka likapotea. Chini yake akaandika Nyamizi, jina lake mwenyewe, ambalo alikuwa hajaliandika tangu aje.

Getini mteja akapiga hodi. "Joyi! Joyi yupo?"

Nyamizi hakugeuka. Uani, wote waliutazama msalaba, rangi yake ingali mbichi.