Santuri ya Marehemu Kibwana

Siku hizi mtu akifa, serikali hufuta sauti yake kwenye simu zote, kisha humpa mjane santuri moja tu, yenye maneno ambayo marehemu aliyasema zaidi nyumbani kwake. Nakala ni marufuku, na kila ikipigwa hulika kidogo.

Ndiyo maana Zamda, mjane wa Kibwana, ambaye hakuwahi kugusa gramafoni, aliiweka juu ya meza isiyotikisika, akahakikisha imelala sawa kwa kutazama maji kwenye bilauri, akafuta vumbi kwa kitambaa laini, akapunguza uzito wa mkono wa gramafoni mpaka sindano ikaigusa santuri kwa shida.

"Taratibu, wifi," alisema Mwanahawa, dada wa marehemu. "Kaka yangu ndiye huyo, hatuna mwingine."

Sauti ikatoka, safi kabisa.

"We mwanamke! Chai gani hii? Huna akili? We mwanamke!"

Upande mzima ulikwisha bila jina la Zamda kutajwa.

Mwanahawa alikuwa analia kwa furaha. "Utadhani yupo!"

"Yupo," alisema Zamda. Akauongezea mkono wa gramafoni uzito wote uliokuwepo, sindano ikaanza kukwaruza. "Turudie, wifi. Leo tutamsikiliza mpaka aishe."