Macho Mia Sita

Mara hii alimnyoa kabisa.

Ilikuwa picha ya kumi na tisa ya mwanamke yuleyule. Mchoraji alikuwa ameshamchora na misuko, na mtandio, na miwani, mnene, mwembamba. Kalamu ilikwaruza kioo cha tableti, na chini ya meza mguu wake wa kulia haukutulia hata kidogo. Nywele alizibadilisha alivyotaka, lakini kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto hakulibadilisha kamwe. Hilo alilianza kabla ya macho, kwa kumbukumbu tu, maana nyumbani haikubaki picha ya mkewe hata moja.

Mkewe alitoweka mwaka jana, mchana kweupe, akaacha viatu mlangoni. Ndiyo habari iliyomtoa mchoraji kwenye mabango ya saluni na bucha, ikamfikisha kwenye NFT, zile picha za kompyuta zinazouzwa mtandaoni pamoja na hati ya umiliki isiyofutika. Hati zake yeye zilikuwa na sharti moja: ukinunua, uso wa mwanamke huyo unakaa kwenye simu yako, na popote uendapo wewe unawatazama watu usoni, ukimtafuta. Kundi lao waliliita Macho. Walikuwa watu mia tatu, wengine kwenye miji ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia, na walimpenda jamani! Walimwita Fundi. Walimwombea, walimtania, walimkumbusha kula. Jumba moja la sanaa lilikuwa limeshamwandikia likitaka picha zote kwa maonyesho, na barua hiyo hajaijibu mpaka leo. Jina kupaa ni jambo zuri, nani atalikataa? Ila yeye alitaka kitu kimoja tu, ampate mkewe.

Kuna mwanachama aliwahi kuuliza polisi wanasemaje. Loo, alikiona! Alisemwa na kila mtu, mwisho akatolewa kundini kwa kukosa utu.

Mama wa mchoraji aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mezani bila kutazama kioo. Mama huyo hakuwahi kuitazama picha hata moja.

"Mwanangu, mwache."

"Mke wangu huyo, mama."

"Najua ni mke wako. Ndiyo maana nakwambia mwache."

"Wewe na shemeji lenu moja."

Shemeji, dada wa mkewe, alikuwa hapokei simu zake tangu wiki ile ya kwanza. Majonzi humpeleka kila mtu kivyake, na mchoraji alishaacha kumlaumu.

Chai ikapoa. Picha aliipandisha mtandaoni saa nne asubuhi, ikanunuliwa kabla hajainuka kitini. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kusubiri, na kwake hiyo ilikuwa kazi mbaya kuliko zote. Alizunguka chumba. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alinawa mikono iliyokuwa safi. Simu ikilia tu, roho juu, kumbe ni mtu anasifia rangi. Rangi! Nani alimuuliza habari za rangi?

Siku ya tatu, mchana, alipigiwa na mwanachama waliyemwita Mama Pacha, fundi cherehani mwenye maneno mengi na roho nzuri.

"Fundi, umeketi?"

"Siketi! Sema."

"Nimemwona." Alikuwa karibu kupiga vigelegele. "Huyu wa kipara, huyu wa juzi! Anashona mapazia chumba cha pili kutoka kwangu. Miezi minane nasalimiana naye, namwona na kilemba tu. Leo kakivua kwa joto. Yaani kovu lilelile!"

"Umemwambia?"

"Thubutu! Hapa anatumia jina jingine. Ukimuuliza kwao wapi, anabadilisha mazungumzo. Yule daktari wetu kundini anasema huenda amepoteza kumbukumbu, tusimshtue. Njoo mwenyewe, akikuona atakumbuka."

Mchoraji alilia. Alilia kweli, mgongo ukutani, kisha akavifunga vile viatu kwenye gazeti. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, kaziba mlango kwa mwili wake. Mwanawe akamruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Kesho yake saa sita mchana kundi zima lilikuwa hewani. Mama Pacha alikuwa kwenye korido ya jengo la mafundi, simu kaishika juu mpaka mkono unamuuma, ili watu mia tatu waone. Cherehani zilikuwa zinanguruma kila chumba. Mchoraji alichomekea shati, akalichomoa, akalichomekea tena. Alijifuta jasho. Alikuwa anacheka peke yake.

"Dada!" Mama Pacha aliita mlangoni. "Hebu toka uone nani kakuletea viatu vyako!"

Mwanamke wa kipara akatokea, futi ya kupimia shingoni, mkasi mkononi. Kwenye kioo cha simu mioyo myekundu ikaanza kumiminika. Mtu akaandika, "Mungu mkubwa." Mwingine akaandika, "Mwacheni alie kwanza."

Hakulia. Alimtazama mumewe, akavitazama viatu, kisha akauweka mkasi mezani, mbali na wote wawili.

"Usinipige mbele ya watu," alisema taratibu. "Navaa, twende."